Oveni yangu, kirikuu ya Mwalimu, fedha za Shemeji: nani ameweka kiasi gani?

SWALI

Habari za kazi, washauri.

Ninaoka mikate na skonzi hapa Kihonda, Morogoro, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yangu. Nimeifanya kazi hii peke yangu tangu 2021 na sasa oda zimenizidi. Tumekubaliana watu watatu tufungue ubia: mimi, jirani yetu mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Mwalimu, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Tunaanza tarehe 1 mwezi ujao, na tumekwama kwenye kuandika nani ameweka nini.

Mimi naingia na oveni ya gesi ya ngazi tatu, trei tisa, niliyoinunua 6,800,000. Kwenye daftari langu nimekuwa nikiipunguza uchakavu kila mwaka na imebaki 3,400,000. Kidhibiti joto chake kimekufa, naoka kwa kukisia. Nina mashine ya kukandia niliyoinunua 4,500,000, trei na makopo ya mkate, unga mifuko 18 ya kilo 50 (miwili imepata unyevu), pamoja na sukari, hamira na majarini. Maduka 11 yananidai mikate kila siku, na mimi nayadai 1,350,000. Muuza unga naye ananidai 900,000.

Mwalimu anakuja na kirikuu (gari dogo la mizigo) ya kusambazia. Aliinunua 14,500,000 mwaka 2022 na anasema iandikwe hivyo hivyo kwa sababu ndiyo hela iliyomtoka. Bado ana mkopo wa SACCOS (chama cha kuweka na kukopa) juu yake, marejesho 20 ya 205,000 kila mwezi, na kadi ya gari iko SACCOS. Shemeji anatoa fedha taslimu 10,000,000: sita sasa hivi, nne baada ya kuuza mpunga wake.

Shemeji anasema sisi ni ndugu, tuandike thuluthi kwa thuluthi tumalize. Mwalimu ni mtu mzima ninayemheshimu, siwezi kusimama mbele yake nikamwambia gari lake halina bei hiyo. Na chumba changu je, kinahesabiwa? Na huu ujuzi wangu wa kuamka saa tisa usiku? Halafu siku tukiachana, oveni yangu si naondoka nayo?

Mama Skonzi, Kihonda

JIBU

Dada, thuluthi ya Shemeji inaweza kubaki, lakini si mahali anapotaka kuiweka. Mtaji ni kitu kimoja na mgao wa faida ni kitu kingine. Faida mnaweza kugawana kwa thuluthi, kwa nusu na robo, kwa vyovyote mtakavyoridhiana. Mtaji hauridhianwi kwa mafungu, unahesabiwa: kila mmoja ameleta kitu gani, siku hiyo kina thamani gani, na kimekuja na deni gani mgongoni. Mkiandika thuluthi kwenye mtaji wakati vitu havilingani, kuna mtu amempa mwenzake zawadi bila kujua, na mara nyingi huwa ni yule aliyeleta vyombo.

Usitegemee serikali ikuandikieni haya. Mkisajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), fomu itawauliza nyinyi ni nani na mnafanya shughuli gani, haitauliza oveni ni ya nani. Na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ndiyo inayosimamia ubia Tanzania Bara, ina majibu yake pale wabia wanapokaa kimya: faida na hasara sawa kwa sawa bila kujali nani aliweka kiasi gani, mtaji hauzai riba, na mbia halipwi ujira kwa kufanya kazi ya ubia. Kwako wewe unayeamka saa tisa usiku, ukimya huo ni ghali.

Sasa bei. Kila kitu kinachoingia kwenye ubia kinaandikwa kwa thamani yake ya soko siku kinapoingia. Kilinunuliwa kiasi gani si hoja, na daftari la zamani la mwenyewe linasemaje si hoja pia. Kanuni hii inambana Mwalimu kwenye kirikuu lakini inakulinda wewe kwenye oveni, kwa hiyo mweleze kwa pande zote mbili.

Chukua kirikuu. Tuseme mafundi na madalali wanasema leo inauzika 9,500,000, nanyi mmeiandika 14,500,000. Mwezi wa tatu mnaamua kuiuza, inapatikana hiyo 9,500,000. Vitabu vinasoma hasara ya 5,000,000, na hasara inagawanywa kwa watatu: 1,666,667 kila mtu. Mwalimu aliongezewa 5,000,000 kwenye mtaji wake siku ya kwanza, amerudisha 1,666,667. Ile 3,333,333 iliyobaki mmemlipa wewe na Shemeji, nusu kwa nusu, kwa uchakavu uliotokea wakati gari likiwa lake peke yake. Hata msipoiuza, hasara hiyo itawafikia polepole kupitia uchakavu wa kila mwaka.

Oveni nayo, geuza hesabu. Ukiiandika 3,400,000 kama daftari lako linavyosema, halafu ikauzwa 4,200,000, ile 800,000 itaonekana ni faida ya ubia. Wewe utapata 266,667 na wenzako watagawana 533,333 ambayo ilikuwa yako kabla hamjakutana. Uchakavu uliokuwa ukiukata ulikuwa wa hesabu zako mwenyewe. Ubia haurithi uchakavu wa zamani, unaanza na kitu kama kilivyo leo.

Kuhusu kubishana na Mwalimu: msibishane. Kubalianeni kwanza njia ya kupata bei, kabla ya bei yoyote kutajwa, na njia hiyo itumike kwa vitu vyote kuanzia cha kwako. Kwa gari, fundi mmoja wa gereji ambaye si rafiki wa yeyote kati yenu alikague kwa maandishi (injini, giaboksi, chesesi, matairi, kilomita zilizosomeka), kisha tafuteni bei tatu za kirikuu za mwaka huohuo wa kutengenezwa na hali inayokaribiana, kutoka kwa madalali au matangazo. Chukueni ile ya kati. Wastani si mzuri hapa, maana tangazo moja la mtu mwenye tamaa linauvuta juu. Kwa oveni na mashine ya kukandia fanyeni vilevile kwa wauzaji wa vifaa vya bekari vilivyotumika. Anza na oveni yako mbele ya wote. Mwalimu akishaona bei yako imeshuka kutoka 6,800,000 kwa njia ileile, kirikuu itajisemea yenyewe.

Na hapo kwenye oveni usimfiche mtu kidhibiti joto. Kama bei ya kati ni 4,500,000 kwa oveni nzima inayofanya kazi, na fundi anataka 300,000 kukibadilisha, andika 4,200,000. Au kibadilishe kwa fedha zako kabla ya tarehe 1 uandike 4,500,000. Kitakachozua ugomvi ni kuandika 4,500,000 kisha matengenezo yakalipwa na kasha la ubia wiki ya pili, kwa sababu hapo Shemeji atakuwa amelipia ubovu wa kabla ya yeye kuingia. Ubovu wowote unaojulikana siku ya kuanza unapunguzwa kwenye bei ya mwenye kitu. Kwenye kirikuu pia: tairi zilizoisha, betri, bima inayokaribia kukatika.

Mashine ya kukandia tuiweke 3,000,000. Trei na makopo hesabuni moja moja, yaliyopinda na kushika kutu wekeni kando, mabaki tuseme ni 900,000. Msiandike tu «vyombo vya kuokea». Andikeni trei ngapi, makopo ya nusu kilo mangapi, ya kilo moja mangapi. Mwaka wa pili mtu atanunua makopo mapya kwa fedha za ubia, na bila idadi hamtajua yapi ni yapi.

Malighafi ndiyo sehemu watu wanapoharakisha. Zihesabuni asubuhi ya tarehe 1 kabla hujawasha oveni. Ukishaanza kukanda, unga umekuwa donge, donge limekuwa mkate, mkate umekwenda dukani, na hakuna tena wa kukubaliana naye ni wa nani. Mikate ya jana iliyobaki iuze kwa akaunti yako, isiingie. Mfuko uliofunguliwa upimwe kwenye mizani. Bei ni ya soko ya siku hiyo, kama kwa vitu vingine: risiti yako ya karibuni inasaidia kuithibitisha, ila kama soko limepanda au kushuka tangu hapo, tumieni bei ya soko. Kama mfuko mmoja siku hiyo ni 80,000, mifuko yako 18 ni 1,440,000, na sukari, hamira na majarini tuseme 420,000, jumla 1,860,000. Ile miwili yenye unyevu itoe. Unga uliopata unyevu huganda na kuota ukungu, mkate wake hauumuki vizuri, na mteja hatajua kwamba ni unga wa zamani, atasema bekari mpya imeharibu mkate. Inabaki 1,700,000. Hamira angalia tarehe za mwisho, pakiti kwa pakiti.

Madeni ya maduka. (Umeandika maduka «yananidai mikate», tumekuelewa, lakini kwenye mkataba andika vizuri nani anamdai nani.) Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuyaacha nje: unakusanya mwenyewe madeni yako ya zamani na ubia unaanza na daftari jeupe. Ni safi, ila ina kasoro moja: duka lilelile litakuwa linadaiwa na wewe na pia na ubia, na litalipa kwa mkono uleule, na wewe ndiye utakayeamua 20,000 ambayo mwenye duka amekupa leo ni ya deni la zamani au la mikate ya jana. Hata ukiwa mwaminifu kama mizani, wenzako watajiuliza. Kwa maduka yanayochukua mkate kila siku tungeyaingiza.

Lakini usiyaingize yote. Duka ambalo limefungwa na mwenyewe hajulikani alipo, lifute, libaki lako: ukimpata siku moja, hela ni yako. Duka ambalo bado lipo lakini halijalipa kwa miezi kadhaa, liingize kwa kiasi chake kamili na papo hapo uweke tengo la shaka (kiasi kinachotengwa kwa deni ambalo huenda lisilipwe) la kiasi hichohicho. Hukututajia mchanganuo, basi tuweke mfano: lililofungwa 180,000, sugu 120,000. Yanabaki 1,170,000 kwenye orodha, ukitoa tengo 120,000 thamani yake ni 1,050,000. Kwa nini msiandike tu 1,050,000? Kwa sababu orodha ya wadaiwa lazima ilingane na madaftari ya maduka. Yule sugu bado anadaiwa 120,000 kamili, na akilipa lazima pawe na mahali pa kumfuta. Kila duka lipewe karatasi fupi siku hiyo, inayosema deni lake ni kiasi gani, na kuanzia tarehe 1 linalipwa kwa namba ipi ya simu au akaunti ipi, kisha mwenye duka aweke saini. Karatasi hiyo ina faida ya pili: kama mwenye duka anakumbuka deni tofauti, mtajua sasa.

Deni la muuza unga, 900,000, likiingia kwenye ubia linapunguza mtaji wako kwa kiasi hichohicho. Ila jua kwamba muuza unga hakuwepo mlipokaa kikao. Kama ubia hautalipa, atakufuata wewe, kwa sababu alikukopesha wewe, si ubia. Mwambieni, na apate barua kwamba sasa mdaiwa ni ubia, akubali kwa saini. Asipokubali, lipa mwenyewe na mtaji wako usomeke bila makato.

Sasa kirikuu yenyewe, maana hapa pana mtego kuliko bei. Marejesho 20 ya 205,000 ni 4,100,000, lakini hiyo si salio la mkopo. Ndani yake mna riba ya miezi ambayo haijafika. Mwalimu aombe SACCOS barua ya salio la kufunga mkopo tarehe 1. Tuseme inasema 3,500,000. Hiyo ndiyo inayotolewa kwenye 9,500,000, na mtaji wa Mwalimu unakuwa 6,000,000. Ile 600,000 ya riba ni gharama ya ubia katika miezi ijayo, mwezi kwa mwezi, kama mtakubaliana ubia uubebe mkopo. Mkitoa 4,100,000 mtakuwa mmemwonea Mwalimu, na yeye ni mtu wa hesabu, ataliona.

Lakini kadi iko SACCOS. Maana yake Mwalimu hawezi kuhamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) bila wao, na mkopo ukikwama gari linachukuliwa hata kama limeandikwa kwenye vitabu vyenu. Kwa hiyo kabla ya tarehe 1 mnahitaji moja kati ya haya. Ama SACCOS ikubali kwa barua kwamba gari ni mali ya ubia, ubia unalipa mkopo, na kadi itatolewa kwa ubia salio likiisha. Ama fedha za Shemeji zilipe 3,500,000 mara moja, kadi itoke, umiliki uhamishwe. Hii ni nzuri kisheria ila inawaacha na 2,500,000 tu mkononi, na bekari inakula fedha za unga kila siku, tungeifikiria mara mbili. Ama gari lisiingie kabisa kama mtaji: Mwalimu aendelee kulimiliki, ubia umlipe kwa safari au kwa mwezi, na mtaji wake uwe chochote kingine atakachoweka. Vyovyote mtakavyochagua, mkataba useme waziwazi kama gari ni mali ya ubia au linatumiwa tu na ubia. Sentensi hiyo ikikosekana, siku ya ajali kila mtu atakuwa na jibu lake. Bima nayo ibadilishwe: gari la kusambazia mikate si la matembezi ya familia, na kampuni ya bima ina haki ya kujua hivyo.

Shemeji ni mwepesi kumwandika, ila kuna kosa moja linalorudiwa sana. Andikeni 6,000,000 iliyoingia, basi. Ile 4,000,000 ya mpunga ni ahadi, na ahadi haiokwi. Iwekeni kwenye mkataba ikiwa na tarehe ya mwisho na adhabu iliyokubaliwa (kwa mfano, mgao wake unahesabiwa kwa 6,000,000 mpaka alipe, kama mtachagua kugawana kwa uwiano wa mtaji), lakini kwenye akaunti yake ya mtaji isionekane hata shilingi mpaka hela iingie benki. Na iingie benki kweli: akaunti ya ubia, si simu ya mtu, na kwenye maelezo ya muamala pawe na maneno «mtaji wa mbia». Fedha za Shemeji zikipita mkononi mwako kwanza, kisha ukanunua unga, baada ya miaka miwili hakuna atakayethibitisha kama zilikuwa mtaji, mkopo au msaada wa kifamilia.

Kwenye daftari, siku ya tarehe 1, upande wako unaandikwa hivi (debiti ni upande wa vitu vilivyoingia, krediti ni upande wa madeni, tengo na mtaji):

Debiti, Oveni: 4,200,000
Debiti, Mashine ya kukandia: 3,000,000
Debiti, Trei na makopo: 900,000
Debiti, Malighafi: 1,700,000
Debiti, Wadaiwa: 1,170,000
Krediti, Tengo la madeni yenye shaka: 120,000
Krediti, Muuza unga: 900,000
Krediti, Mtaji wako: 9,950,000

Pande zote mbili zinafika 10,970,000. Kwa Mwalimu, debiti Gari 9,500,000, krediti Mkopo wa SACCOS 3,500,000, krediti Mtaji wa Mwalimu 6,000,000. Kwa Shemeji, debiti Benki 6,000,000, krediti Mtaji wa Shemeji 6,000,000. Mizania ya kwanza ya ubia (orodha ya mali, madeni na mitaji) basi ina mali za 26,350,000, madeni ya nje 4,400,000, na mitaji yenu 21,950,000. Isipokaa hivyo, kuna kitu kimeandikwa upande mmoja tu, na kwa uzoefu wa vitabu vya namna hii, kitu hicho huwa ni deni.

Mtaona kwamba wewe una asilimia 45.3 ya mtaji na wenzako asilimia 27.3 kila mmoja. Shemeji akitimiza ahadi yake, mtaji wote unakuwa 25,950,000, yeye anafika asilimia 38.5 na wewe unashuka hadi 38.3. Anakupita kwa unywele. Mwoneshe hesabu hiyo sasa, kabla hajaiona mwenyewe baada ya mavuno.

Akaunti hizi tatu za mtaji ziacheni zitulie. Kila mbia apewe akaunti ya pili ya mgao na fedha anazochukua, maana mkate unaopeleka nyumbani kwako kila jioni na mafuta ambayo Mwalimu anatia kwenda msibani Kilosa vinaandikwa humo. Vikiingia kwenye mtaji, baada ya mwaka hakuna atakayejua alianza na kiasi gani. Kuanzia hapo uchakavu ni mpya: oveni ya 4,200,000 mkikadiria itafanya kazi miaka sita, ni 700,000 kwa mwaka.

Chumba chako usikiweke kwenye mtaji. Huleti chumba, unaleta ruhusa ya kukitumia. Ukikiandika kama mtaji wa ubia umeigusa nyumba yako, na wabia katika ubia wa kawaida wanawajibika kwa madeni yote ya ubia hadi mali zao binafsi, huna haja ya kusogeza hatari karibu zaidi. Andikeni mkataba wa pango, hata kama kodi ni ndogo, unaotaja muda, notisi ya kuondoka, na jambo ambalo karibu kila mtu husahau: ubia ukiweka vigae, bomba la moshi au mita yake ya umeme, vinabaki vya nani siku ubia ukihama? Mwombe pia mume wako asaini kama nyumba ni ya ndoa.

Ujuzi nao una thamani, ila si wa kuandikwa debiti. Wapo wanaokadiria «jina na wateja» kwa milioni mbili au tatu na kumwongezea mwenye biashara ya zamani kwenye mtaji. Inawezekana wote wakiridhia, lakini ni namba ambayo haina fundi wala dalali wa kuithibitisha, na ndiyo ya kwanza kupingwa mambo yakiharibika. Sisi tungekulipa kwa njia nyingine: mkataba useme kwamba kabla ya kugawana faida, mwokaji anapata posho ya, tuseme, 300,000 kwa mwezi, kisha kinachobaki ndicho kinachokatwa thuluthi. Hapo ndipo thuluthi ya Shemeji inapokaa vizuri. Siku ukichoka ukaajiriwa mwokaji mwingine, posho inahamia kwake bila mtu kugusa mtaji.

Haya yote yawe kwenye orodha ya mali za kuanzia, ambayo ni kiambatisho cha mkataba wa ubia. Kila kitu kiwe na jina, namba iliyogongwa kwenye bamba lake, hali yake, bei na namna bei ilivyopatikana, picha, na jina la aliyekileta. Saini tatu kila ukurasa, mbele ya wakili. Karatasi za fundi, bei za madalali, barua ya SACCOS, risiti za unga na stakabadhi ya benki zibanwe nyuma. Mkataba wenyewe ulipiwe ushuru wa stempu TRA, kwani hati isiyo na stempu mahakama inaweza kukataa kuipokea kama ushahidi. Ubia unahitaji TIN (namba ya mlipakodi) yake, ingawa kodi ya mapato anatozwa kila mbia kwa mgao wake na si ubia wenyewe. Leseni ya biashara kutoka halmashauri na usajili wa jengo la chakula TBS (Shirika la Viwango) kama viko kwa jina lako, msidhani vimehamia kwa sababu oveni imehamia.

Na oveni yako, hapana, hutaondoka nayo. Kuanzia asubuhi ya tarehe 1 ni ya ubia, na wewe una 9,950,000 kwenye vitabu. Mkiachana wanalipwa kwanza wadai wa nje, kisha mikopo ambayo mbia yeyote aliukopesha ubia, kisha mitaji, kinachobaki kinagawanywa kama faida. Kama unaitaka oveni yenyewe, omba sasa kifungu kinachosema kwamba ubia ukivunjika kila mbia ana haki ya kwanza ya kununua kitu alichokileta, kwa bei ya kati ya bei tatu za siku hiyo, na bei hiyo inakatwa kwenye mtaji anaostahili kurudishiwa. Mwalimu atakipenda, kwa ajili ya kirikuu yake.